Pipa Lililoshiba

Mwanamume aliyeketi mbele ya Kapteni Odile Barthouil alikuwa na doa jekundu kifuani, kubwa kama kisahani cha kikombe, na tangu jana wakubwa wote wa Odile walikuwa wamelipenda sana doa lile.

"Ni divai," alisema Thibault Lescarret. "Nimeshasema mara sita."

"Hata maabara wamesema ni divai. Hawajasema ulikuwa wapi."

"Garini. Nimelala."

"Saa saba mchana, wanunuzi wenzako wote wako mezani wanakula bata, wewe umelala garini?"

"Nilikuwa nimeonja divai themanini tangu asubuhi, afande. Kutema nako kunachosha. Halafu nimetukanwa. Mtu akitukanwa mbele ya wenzake bata hapiti kooni."

Odile alifungua jalada, ingawa yaliyomo alikuwa ameshayakariri. Lescarret, miaka arobaini na miwili, mnunuzi wa kampuni moja ya Bordeaux. Jana, Jumatano, katika ukumbi wa kuonjea wa Jumba la Marsillan, dalali mmoja mzee aitwaye Gaspard Duthil alimwambia mbele ya watu ishirini kwamba ulimi wake unafaa kulambia stempu. Wakakunjana mashati. Glasi ikamwagika. Saa tisa na dakika kumi dalali akakutwa ghalani, kati ya safu mbili za mapipa, kisogo kimepasuliwa kwa nyundo ya mbao ya kupigia vizibo.

"Ulimwambia utamuua?"

"Nilimwambia maneno yake yatamuua. Hata mama yangu huniambia hivyo."

"Na kweli yakamuua. Baada ya hapo uliosha glasi yake?"

Lescarret alikunja uso. "Glasi gani?"

"Ya Duthil, ile yenye jina lake. Ilikutwa imeoshwa, imefutwa, imepinduliwa kwenye rafu pamoja na nyingine."

"Kwani ghalani kuna rafu? Sisi hupitishwa mle dakika kumi, kama watalii, tunaonyeshwa mapipa ya mbele, tunatolewa." Alijipangusa uso kwa viganja viwili. "Afande, nisikilize. Mkinipeleka kwa hakimu, hata mkiniachia mwezi ujao, mimi nimekwisha. Hakuna ghala litakalonifungulia mlango tena katika nchi hii. Sijui kazi nyingine."

Odile alitazama saa ya ukutani. Saa mbili na robo. Mwendesha mashtaka alikuwa amempigia simu mara mbili asubuhi ile, naye hakuwa mtu wa kurudiarudia: saa sita kamili Lescarret apandishwe gari, apelekwe Bordeaux mbele ya hakimu. Kesho wiki ya kuonja inaisha, wageni wanatawanyika kila mmoja kwao, na yeye hapendi kesi ya kiporo.

"Kunywa kahawa yako," Odile alimwambia, akachukua koti.

*

Sajini Nadir Chaïb ndiye aliyeendesha. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha juu ya mizabibu, na barabara nzima ilijaa magari ya kukodi yenye watu waliovaa vizuri na kusinzia. Divai ya vuli iliyopita bado ni mtoto, imo mapipani, na itakaa humo mwaka na zaidi kabla ya kutiwa chupani. Lakini watu huja kuionja sasa na kuinunua sasa, kama mtu anayenunua ndama aliye tumboni mwa mamaye. Huzungusha glasi, hunusa, hutia kinywani, hutema ndooni, huandika namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua shamba lipi litacheka mwaka huu na lipi litalia.

"Mimi sinywi, na wao hawamezi," alisema Nadir. "Tofauti yetu ni ndoo tu."

"Wewe ungeosha glasi ya mtu uliyemuua?"

"Kama ina alama za vidole vyangu."

"Ungeosha ukaiweka wapi?"

Nadir alifikiri mpaka kona iliyofuata. "Popote. Ningeitupa. Nisingeanza kutafuta rafu."

"Ndiyo hivyo," alisema Odile.

Mlangoni mwa ghala la Marsillan walimkuta Séverine Tauzin, mikono mfukoni mwa aproni, mvua inamtonea begani na wala hajali. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia humo ndani akiwa chini ya Mzee Firmin Escoubet, mkuu wa ghala.

"Mtalifunga mpaka lini?" aliuliza, hata salamu hakutoa. "Kesho Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

"Kuna kujaza. Jumatatu na Ijumaa."

"Kujaza nini, na mapipa yamejaa?"

Séverine alimtazama kwa huruma kidogo. "Kapteni, wewe kwenu wapi?"

"Kusini, kwenye misonobari. Sisi tunajua utomvu."

"Haya. Sisi hapa tunategeana kitendawili hivi: nina mtoto wa mbao, namlaza ameshiba, nikirudi namkuta ana njaa."

"Pipa," alisema Nadir.

"Pipa. Mbao inakunywa, hewa nayo inakunywa. Siku tatu tu divai imeshuka. Ukiacha nafasi pale juu, hewa inapanga chumba, na hewa ikishapanga, divai inaharibika. Kwa hiyo tunajaza mpaka mdomoni, kwa divai ya akiba tunayoiweka ndooni, tunarudisha kizibo. Ukionja, unajaza. Ukimwaga, unajaza. Mtu wa ghala haachi pipa na njaa hata nyumba ikiwaka moto. Mkono unakwenda wenyewe."

"Mara ya mwisho lini?"

"Jumatatu asubuhi. Mimi safu tatu za mbele, Mzee Firmin safu ya nyuma."

"Mnagawana?"

"Zamani tulifanya pamoja. Tangu Krismasi ameitaka safu ya nyuma peke yake." Alisita. "Amezeeka. Anapenda kimya."

"Na jana?"

"Jana hakuna aliyejaza. Mimi nilikuwa namimina, ukumbini kisha mezani, toka saa tano mpaka mlipofika ninyi. Watu mia wameniona. Mzee alikwenda kwake kupumzika baada ya chakula. Bi Hermance, mwenye jumba, alikuwa mezani na wageni. Huyo hajawahi kugusa pipa tangu azaliwe."

"Dalali alitafuta nini humu?"

Hapo Séverine karibu atabasamu. "Babu Duthil? Haamini chupa za sampuli. Alikuwa akisema chupa ni picha ya harusi, yeye anataka kumwona bibi arusi akiwa jikoni. Kila mwaka, wenzake wakila, hujipenyeza humu, huchovya mrija wa kioo kwenye pipa alilolichagua yeye, hujionjea. Wote tulijua, tukajifanya hatujui."

Odile alimgeukia Nadir. "Basi kuna pipa lililonyonywa jana. Hilo litakuwa limepungua kuliko wenzake. Tukilipata, tutajua alisimama wapi na alikuwa akitazama nini."

*

Mapipa yalikuwa mia moja na arobaini. Kila moja lilikuwa na mkanda mwekundu kiunoni, maana huko hupakwa mashapo ya divai katikati ili matone yasionekane. Jana Nadir alimaliza saa mbili na taa yake, akitafuta damu ndani ya wekundu ule, na hakupata tone ila pale pale mwili ulipolala.

Sasa walikwenda pipa kwa pipa. Nadir anazibua, Odile anateremsha kidole cha shahada mpaka kiguse divai, Nadir anaandika. Pingili moja. Pingili moja. Pingili moja, na kidogo. Safu ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Mkono wa Odile ulikuwa mwekundu mpaka kifundoni na alikuwa ananuka kama sherehe.

Pipa la kwanza la safu ya nyuma Nadir alipolizibua, alirudisha kichwa.

"Hili vipi?"

"Labda ndivyo zinavyonuka zikiwa changa," alisema Odile.

"Yale mia na tano hayakunuka hivi." Akaandika. "Pingili moja."

Pipa la pili, pingili moja. La tatu, la nne. Nadir sasa alikuwa anazibua na kugeuza uso kando, kama mtu anayemwosha mtoto wa mwenzake. La nane, pingili moja.

La tisa, kidole cha Odile hakikwenda popote. Divai ilikuwa mdomoni kabisa. Ilipanda juu ya ukucha, ikafurika, ikatiririka juu ya mkanda mwekundu na kupotea humo.

"Hili limeshiba," alisema Nadir.

Walimaliza safu nzima hata hivyo. Hakuna jingine. Odile alirudi kwenye lile la tisa. Hatua mbili kutoka hapo sakafuni palikuwa na chaki ya jana iliyochora umbo la mtu.

"Tumekuja kutafuta pipa lenye njaa zaidi," alisema taratibu. "Halipo. Kuna moja lililoshiba, na halina haki ya kushiba, maana Ijumaa haijafika. Duthil amenyonya hapa. Amepigwa hapa. Kisha mtu ameruka maiti, akaleta ndoo ya kujazia, akajaza mpaka mdomoni, akarudisha kizibo. Akaosha glasi, akaipindua rafuni. Je, ni Lescarret?"

"Lescarret angekuwa ameshafika Uhispania."

"Mwite Séverine."

Séverine aliingia. Hakuhitaji kuinama. Alisimama mwanzoni mwa safu, puani pakatanuka, rangi ikamtoka usoni taratibu kama maji yanavyokauka juu ya jiwe. Akazibua la kwanza, akaziba. La pili, akaziba. La tatu hakuzibua.

"Siki," alisema Nadir. "Mimi sinywi lakini siki naijua. Ya kutia kwenye kachumbari."

Séverine alikwenda kwenye kona, akafunua ndoo ya chuma yenye bomba ambayo Mzee Firmin huitumia kujazia. Akaifunika haraka.

"Imeanzia humu. Humu imeharibika, labda tangu Januari. Naye ameichota, kila Jumatatu na kila Ijumaa, akawalisha mmoja mmoja. Mapipa thelathini na tano, kwa mkono wake."

"Asisikie harufu?" aliuliza Odile.

Séverine alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa imelowa.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kunusa," alisema. "Kamuulizeni."

*

Nyumba ya mkuu wa ghala ilikuwa ng'ambo ya ua. Saa nne na dakika ishirini. Walipofunguliwa mlango walipigwa na harufu ya maharage yanayoshika chini ya sufuria, harufu ile inayomfanya hata jirani asimame. Mzee Firmin Escoubet alikuwa na miaka sitini na sita, mabega mapana, shati safi. Aliwakaribisha jikoni, akarudi kwenye kiti chake, mgongo kwa jiko, gazeti likiwa wazi mbele yake.

Nadir alikwenda mwenyewe akazima gesi. Mzee aligeuka, akaona sufuria, akaona mkono wa Nadir.

"Yameiva?" aliuliza.

"Yameiva, mzee."

Odile aliketi. Alikuwa amebeba glasi moja iliyofunikwa kwa kisahani. Aliiweka mezani, akaondoa kisahani. Harufu ikapanda mpaka ikashinda ile ya maharage.

"Mzee Firmin, mimi sijui divai. Nimeambiwa hakuna pua kama yako kutoka hapa mpaka baharini. Hii nimeitoa ghalani kwenu. Nataka uniambie ikoje."

"Kutoka pipa gani?"

"Nilidhani wewe ndiye utakayeniambia."

Aliishika glasi kwenye mguu, akaizungusha mara tatu kwa uzuri kabisa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatia pua ndani, akafumba macho. Nadir alitazama dari. Mzee alitia funda kinywani, akalizungusha, akatema kwenye sinki bila tone kuanguka nje.

"Ni changa bado," alisema. "Matunda meusi. Mwerezi kidogo, huo ni wa pipa jipya. Ina ukali, lakini utalala. Ipe miaka minane." Aliiweka chini. "Ni ya safu ya mbele, nadhani."

Saa ya ukutani ilikuwa inahesabu. Mzee Firmin alimtazama Odile, kisha Nadir, kisha glasi, na kwa jinsi walivyokaa kimya akajua.

"Ni nini?" aliuliza.

"Siki, mzee. Safu yako yote."

Aliweka mikono miwili mezani, akaitazama.

"Yote?"

"Thelathini na tano. Séverine anasema imetoka kwenye ndoo ya kujazia."

Odile hakumharakisha, ingawa aliona mshale wa saa.

"Duthil hakuniambia kwamba ni yote," alisema mwishowe. "Yeye alionja moja."

"Uliingia ukamkuta?"

"Nilirudi kuchukua miwani. Nikamkuta kwenye la tisa, ametema sakafuni. Yeye hatemi sakafuni. Akanipa glasi. 'Nusa, Firmin.' Nikanusa. Nikasema kama nilivyokwambia wewe sasa hivi. Akaniangalia. Ningependa angecheka, lakini hakucheka. Akasema, 'Tangu lini, ndugu yangu?'"

"Tangu lini?"

"Novemba. Ile homa. Wengine ziliwarudia pua zao. Yangu haikurudi. Ulimi nao hivyo hivyo. Nakula kwa macho." Alionyesha sufuria kwa kidevu. "Nilisema itarudi, nisubiri kidogo. Nikaomba safu ya nyuma ili mtu asiniulize kitu."

"Duthil akasema nini?"

"Akasema saa tisa atamwambia Bi Hermance. Kwa upole. Akasema nitapewa kiinua mgongo kizuri, nitaachwa nikae kwenye nyumba hii. Akageuka anakwenda. Nyundo ilikuwa juu ya pipa."

"Halafu ukajaza pipa."

Mzee aliinua kichwa. "Sikujaza."

"Lilikuwa mpaka mdomoni. Ndilo pekee."

Alifikiri kwa bidii, kama mtu anayetafuta jina la mtu. "Kupiga nakumbuka," alisema. "Sakafu nakumbuka, niliimwagia maji pale alipotema. Kujaza sikumbuki kabisa."

Nadir alikuwa anaandika. Alipomaliza aliisoma karatasi kwa sauti, polepole, na mzee alitikisa kichwa kukubali kila mstari mpaka wa Novemba. Hapo akanyoosha mkono, akachukua kalamu, akaukata mstari ule wote.

"Andikeni nilimpiga kwa hasira. Andikeni alinitukana. Alikuwa mtukanaji, watu wote wanajua."

"Hukutukanwa," alisema Odile.

"Andikeni hivyo. Nitatia sahihi sasa hivi."

"Mwendesha mashtaka atasoma, ataniuliza kwa nini mzee mpole wa miaka thelathini na mmoja ya kazi amuue rafiki yake kwa tusi. Nitakosa jibu. Atasema umechanganyikiwa kwa majonzi. Lescarret atapanda gari."

"Mwacheni apande. Watamwachia baadaye."

"Amesema akipelekwa hakuna ghala litakalomfungulia tena. Ni kweli au uongo?"

Mvua iliongezeka kidogo kwenye kioo. Ng'ambo ya ua, Séverine alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha ghala, magoti yamekusanyika, hakuingia wala hakuondoka.

"Ni kweli," alisema mzee. "Mimi mwenyewe nisingemfungulia." "Kapteni, mimi watasema Firmin muuaji. Sawa. Nimeua. Watoto wataonyesha nyumba hii kwa kidole, sawa. Lakini wakisema Firmin aliilisha siki safu nzima, miezi mitatu, asijue, na akaisifu..."

"Sina la kukupunguzia, mzee. Bila hilo hakuna kesi."

"Nani atasoma?"

"Hakimu. Mawakili. Kisha magazeti."

"Na Séverine?"

"Séverine hana haja ya kusoma. Yeye ndiye aliyezibua mapipa."

"Alisema nini?"

"Alisema wewe ndiye uliyemfundisha kunusa. Akasema tukuulize."

Mzee alitazama dirishani mpaka Nadir akaanza kudhani amesahau kwamba wapo. Kisha akaivuta karatasi karibu. Mstari alioukata hakuugusa. Chini yake, kwa mwandiko wa shule ya zamani, herufi zimeinama zote upande mmoja, aliandika maneno manne: Sina pua tangu Novemba. Akatia sahihi, akaweka tarehe, akairudisha karatasi imeelekea kwa Odile ili asihangaike kuigeuza.

Ilikuwa saa sita kasorobo. Odile alitoka uani, akasimama chini ya mvua, akapiga simu Bordeaux kwa mwendesha mashtaka.